Cheti cha Ukavu cha Majimengi

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Imeshatajwa mno kwenye mabango, nami naona inahitaji kupumzika. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye milima miwili, bendera moja na wizara arobaini na saba, na kwamba mimi nilikuwa karani katika wizara ya arobaini na sita, yaani Wizara ya Sayari na Mambo Mengine ya Mbali. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao na kugonga mhuri.

Wizara hiyo ilianzishwa siku Mtukufu Kiongozi wetu aliposoma gazetini, akiwa ananyolewa ndevu, kwamba mataifa makubwa yanatafuta dalili za maji katika sayari ya Mirihi. Akamuuliza kinyozi, "Na sisi tunatafuta?" Kinyozi akajibu kwamba kwao mtaani wanatafuta kila asubuhi. Mtukufu akafurahi kusikia kuwa wananchi wako mbele namna ile, na kabla povu halijakauka shavuni alikuwa amekwisha kuteua Waziri.

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Daktari Balozi Lubango Mtandika, mtu mwenye sauti ya kupendeza, aliyehamishwa kutoka Mifugo baada ya mifugo kupungua. Hotuba yake ya kwanza niliiandika mimi, neno kwa neno. "Maji ya karibu," alisema, "hata mbuzi anayatafuta. Maji ya mbali yanatafutwa na taifa." Tulipiga makofi dakika saba. Miaka mitatu iliyofuata tuliyatafuta maji ya Mirihi kwa njia ya semina.

Mwaka wa nne, taasisi moja ya ng'ambo iliyokuwa ikirusha roketi kwenda huko ikatangaza kwamba imebakiwa na nafasi ndogo, kubwa kama mkate, na itaitoa kwa nchi yoyote ambayo haijawahi kupeleka kitu Mirihi. Nchi nyingi zilituma maombi. Sisi tulituma kifaa, kwa sababu ilikuja kugundulika kwamba tunacho.

Alikuwa amekitengeneza Sikudhani Ngwale. Huyu alikuwa fundi wa vipimo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, asiyependa vikao. Chumba chake kilikuwa nyuma ya vyoo, maana vyumba vya mbele vilikuwa vya wakurugenzi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na tangu utotoni Sikudhani alijua kupima unyevu wa udongo kwa kuugonga na kidole na kusikiliza. Kifaa chake kilifanya vivyo hivyo. Kilikuwa sanduku dogo lenye mkuki chini. Ukiuchoma mkuki ardhini, kinasikiliza kwenda chini kimo cha mtu mzima, kisha kinajibu kwenye kidirisha. Majibu yalikuwa mawili tu: PANA MAJI, au HAKUNA DALILI. Waziri alipokiona mara ya kwanza akauliza kwa nini hakina jibu la tatu, la katikati. Sikudhani akasema hakulihitaji. Waziri akakipa jina la Mzalendo.

Wale wa ng'ambo wakapenda, ila wakaweka sharti. Kifaa kijaribiwe hapa hapa duniani, mahali pawili, pakavu na penye maji, mbele ya mkaguzi wao. Kisha kiandikwe cheti chenye sahihi ya mkaguzi na ya Waziri, na mhuri wa Serikali, kieleze bila kupindisha kilichopatikana kila mahali. Pasipo cheti, nafasi inakwenda kwa nchi nyingine.

Mahali pakavu tulipapata haraka, kwenye machimbo ya kokoto. Kwa mahali penye maji, kikao kilikaa siku mbili, kikachagua kijiji cha Majimengi. Miaka mitatu nyuma Mtukufu alikuwa amekwenda kufungua bomba pale, na picha yake akinawa mikono ilikuwa kwenye noti.

*

Wiki mbili kabla ya mkaguzi kuja tulikwenda Majimengi kufanya mazoezi: mimi, Sikudhani, dereva, na Bwana Chogo Mwinami, Afisa wa Itifaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachotokea.

Bomba lilikuwa zuri ajabu. Lilisimama juu ya jukwaa la marumaru lililokuwa pana kuliko darasa la shule, lenye ngazi tisa na kibao cha shaba. Sikudhani alipotaka kufungua koki, Bwana Mwinami akamshika mkono. "Bomba la Mtukufu haliguswi," akasema. Basi Sikudhani akapiga magoti chini ya ngazi, akachoma mkuki.

HAKUNA DALILI.

Akaufuta, akasogea hatua mbili, akachoma tena. Kisha upande wa pili. Jibu lilikuwa lile lile. Tulikuwa tumeinamia kidirisha wote wanne pale ilipofika nyuma yetu harufu ya jasho na sauti ya mtu anayetua mzigo.

"Hicho mnachochoma ardhini ni nini, mwanangu?"

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, na dumu la maji la lita ishirini alilolitua kwa uangalifu kama mtoto aliyelala. Jina lake, tulilijua baadaye, ni Bi Mwatumu Shekalaghe, mjane na muuza uji.

"Kinatafuta maji, mama," Sikudhani akamjibu.

"Kinasemaje?"

"Kinasema hakuna."

Bi Mwatumu akakitazama kile kisanduku kwa muda, kwa huruma.

"Basi kitakamatwa," akasema.

Hakuwa anatania. Mahali lilipo jukwaa, alitueleza, palikuwa na kisima alichochimba babu wa mumewe. Kilijazwa zege ili jukwaa lisimame imara. Bomba likatoa maji siku ya Mtukufu, tangu saa nne mpaka saa sita, likanyamaza. Baada ya hapo ikatoka Amri ya Heshima ya Bomba: katika eneo lolote lenye maji ya bomba lililofunguliwa na Mtukufu ni marufuku kuchimba kisima, kwa kuwa anayechimba ni kama anadai bomba halitoi maji, na kudai hivyo ni uchochezi. Yeye mwenyewe alikuwa amechimba shimo la kufika kiunoni, nyuma ya nyumba yake, akafungwa siku kumi na tisa.

"Hakimu aliniuliza, 'Ulikuwa unatafuta nini na bomba lipo?' Nikamwambia, 'Bomba naliona, mheshimiwa. Sikuwa natafuta bomba.' Ndipo akaongeza siku tano." Akalishika tena dumu lake. "Haya maji yanatoka korongoni, wilaya ya pili. Saa tatu kwenda. Kurudi ni zaidi, maana yana uzito."

Sikudhani akamsaidia kujitwisha. Nilimwona akibaki amesimama, mikono bado hewani, hata yule mama alipokuwa ameshafika mbali.

*

"Kifaa kina tatizo," Waziri alisema tuliporudi.

"Hakina, Mheshimiwa," Sikudhani akajibu.

"Kimepelekwa kwenye bomba la Mtukufu kikasema hakuna maji. Basi si tatizo la ufundi. Ni tatizo la malezi. Kirekebishe."

"Nikikirekebisha kione maji Majimengi, kitaona maji popote. Kitaona maji kwenye tofali."

Waziri akanyanyuka kitini. "Na Mirihi?"

"Hata Mirihi."

"Binti," alisema, na sauti yake ilikuwa na upendo wa kweli, "mbona hukutuambia mapema? Tumehangaika na semina miaka mitatu."

"Kitakuwa hakijaona kitu, Mheshimiwa. Kitakuwa kinasema tu."

"Katika Wizara hii nani ameona kitu? Tunasema, na kazi inakwenda."

Sikudhani alikuwa amekaa na kifaa mapajani. Akakifunika na mikono miwili. "Sitakigusa," akasema.

Sikuwahi kusikia neno hilo katika kikao na sikujua linaandikwaje. Waziri akamweleza kwa upole kwamba ana watoto wawili, ana nyumba ya Serikali, na kwamba kuna mafundi wengine nchini. Sikudhani akakubali kwamba watoto anao na nyumba ni ya Serikali. Kuhusu mafundi wengine akasema waitwe. Wakaitwa wawili. Wa kwanza alikifungua kifaa, akakitazama ndani, akakifunga na kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Wa pili aliuliza kama kinatumia mafuta ya taa.

Kikao kikaahirishwa kwa chai. Nilimkuta Sikudhani ukumbini, ameegemea ukuta. Nikamuuliza kwa nini anajitafutia makubwa kwa ajili ya kisanduku.

"Mama yangu alikuwa akipasua vyungu vibovu mbele ya wateja," aliniambia. "Hata tukiwa hatuna unga. Alisema chungu kibovu kikiingia nyumbani kwa mtu, anayevuja ni wewe. Na yule mama kule anafungwa kwa kusema kile kile kinachosemwa na kifaa. Nikikigeuza, nitakuwa nimemfunga mara ya pili."

Tuliporudi kikaoni akasema, "Kama mnataka kiseme maji, pelekeni maji."

Waziri akafikiri. Wazo lilikuwa geni. "Inawezekana," akasema hatimaye. "Kwa siku moja, inawezekana." Ikaamuliwa kwamba maboza matatu ya maji yapelekwe Majimengi alfajiri ya siku ya jaribio, yamwagwe kuzunguka bomba mpaka ardhi ilowe kimo cha mtu mzima. Bwana Mwinami akateuliwa kuwa Kaimu Afisa wa Unyevunyevu. Kwa nini maboza hayakuwahi kupelekwa kabla, hakuna aliyeuliza. Swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

Nami nikatimiza wajibu wangu. Kanuni inataka wananchi wajulishwe magari makubwa ya Serikali yanapoingia kijijini, ili wafunge mbuzi wao. Nikaandika barua: saa, tarehe, idadi ya maboza, na kilichomo. Nikaituma Majimengi kwa njia ya haraka.

*

Maboza yalipofika, mimi na Sikudhani tukiwa tumepanda la mwisho, mbuzi walikuwa wamefungwa. Wanawake walikuwa wamesimama.

Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani kijiji kinaweza kuwa nao, na kila mmoja alikuwa na chombo: madumu, ndoo, masufuria, mabeseni ya kuogeshea watoto, vyungu, pipa moja la lami lililosuguliwa likang'aa. Mbele yao alisimama Bi Mwatumu, mikono mitupu.

Bwana Mwinami akashuka na karatasi yake. "Mama, sogeeni. Tunataka kumwaga maji."

"Mnamwaga wapi?"

"Chini."

"Chini kuna nani?"

Bwana Mwinami akatazama karatasi. Haikueleza. "Ni maji ya kisayansi," akasema. "Si ya kunywa."

"Yametoka wapi?"

"Bwawa la mjini."

"Wanaoyanywa mjini wanakufa?"

Alijaribu kuita polisi, ila polisi wa Majimengi ni mmoja, Koplo Sembuli, naye alikuwa na mke katika mstari ule. Koplo alisema ameumwa tumbo ghafla, akakaa chini ya boza la pili, mahali penye kivuli na matone. Basi Bwana Mwinami akawageukia madereva, akawaamuru wamwage. Dereva wa boza la kwanza, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, akatoa hati yake ya safari akaisoma taratibu.

"Hapa imeandikwa maji yafike Majimengi," akasema. "Yamefika." Kisha akafungua koki ya nyuma, akasogeza ndoo ya kwanza kwa mguu.

Sijapata kuona kazi iliyofanywa kwa utaratibu namna ile, na nimefanya kazi Serikalini miaka kumi na mitano. Hakukuwa na kelele. Ndoo ikijaa inatoka, nyingine inaingia. Msichana mmoja alipewa kazi ya kushikilia bakuli chini ya nati iliyokuwa ikivuja. Kufikia saa mbili na nusu maboza yote matatu yalikuwa yakilia kama ngoma, kila nyumba ilikuwa na maji, na ardhi kuzunguka bomba ilikuwa kavu kama ulimi wa Bwana Mwinami, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya tisa akiuliza hewa jinsi atakavyoandika taarifa.

Bi Mwatumu akampelekea kikombe. Akanywa chote.

*

Waziri alifika saa nne na msafara wa magari kumi na moja. Mkaguzi alikuwa katika la mwisho, Bi Hedda Lorn, mwanamke mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Jana yake walikuwa wamekwenda machimboni, Mzalendo akasema HAKUNA DALILI, wakapigiana makofi.

Waziri alihutubia. Alisema maji ya Majimengi ni mengi hata yanajificha kwa aibu. Kisha akampa Sikudhani ishara, akatabasamu kwa kamera.

Sikudhani akapiga magoti. Alijua, kama tulivyojua sote tuliokuwepo tangu asubuhi, kitakachosemwa. Nyuma ya kifaa palikuwa na kirungu kidogo cha kuongeza usikivu, ambacho wale mafundi wawili hawakukitambua. Nusu mzunguko tu, na kingeona maji popote. Waziri, aliyekuwa ameliona vumbi chini ya ngazi, aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, na mimi niliyekuwa jirani nikasikia alichosema: "Binti, watoto wako wanasoma shule gani?"

Mkono wa Sikudhani ulikuwa juu ya kirungu. Akautoa. Akaufuta kwenye sketi yake, akachoma mkuki ardhini mpaka mwisho, akageuza kidirisha kielekee kwa watu.

HAKUNA DALILI.

Bi Lorn akasoma, akaandika, akapanda ngazi tisa. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba bomba haliguswi. Akafungua koki. Bomba likakohoa, likatoa vumbi, kisha akatoka nyigu mmoja, akajinyoosha, akaruka zake.

"Kifaa kinasema kweli," Bi Lorn akasema. "Hapa maji hapana." Akashuka, akatazama huku na huko, akaomba chungu kimojawapo cha maji ya asubuhi kilichokuwa kwenye kibaraza cha nyumba ya karibu. Sikudhani akatumbukiza ncha ya mkuki.

PANA MAJI.

"Kizuri sana," Bi Lorn akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Kinajua tofauti. Kimefaulu."

Waziri alikuwa amekwisha kuanza kupiga makofi alipopewa cheti. Akakisoma, mikono ikapoa. Kiliandikwa kwa lugha mbili, na zote mbili zilieleweka: *Inathibitishwa kwamba katika kijiji cha Majimengi, chini ya bomba la Serikali na ndani yake, hakuna maji wala dalili ya maji.*

"Tunaweza kuandika 'maji hayajaonekana kwa sasa'?" akauliza.

"Hapana," Bi Lorn akajibu. "Ukweli wote, au nafasi inakwenda kwa nchi nyingine."

Waziri akaenda pembeni kumpigia simu Mtukufu. Mimi nilimfuata na daftari, maana mazungumzo na Mtukufu lazima yaandikwe. Alieleza kwa dakika kumi. Kisha nikasikia sauti tuijuayo sote.

"Majimengi inaonekana kutoka ng'ambo?"

"Haionekani, Mtukufu."

"Na Mirihi?"

"Mirihi inaonekana hata kwa macho matupu, Mtukufu. Dunia nzima inaiona."

"Sasa unaniuliza nini? Tia sahihi."

Akatia. Nikagonga mhuri mkubwa, ule wenye simba. Kanuni inataka nakala tatu: moja ya mkaguzi, moja ya Wizara, moja ya mahali palipopimwa. Ya tatu nikampa Bi Mwatumu, kwa kuwa alikuwa karibu. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba nirudie ile sehemu ya mhuri ni wa nani. Nikarudia. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaliweka fundo kifuani.

*

Roketi iliruka mwezi uliofuata na Mzalendo ndani yake, na nchi ikapewa siku tatu za kucheza ngoma. Sikudhani hakucheza. Alikuwa amefukuzwa kazi kwa kosa lililoandikwa kuwa ni kusababisha ukweli bila kibali, akapewa siku saba kuhama nyumba ya Serikali. Watoto akawapeleka kwa dada yake. Yeye mwenyewe akapanda lori la mkaa mpaka Majimengi, kwa sababu, aliniambia baadaye, hakujua mahali pengine ambapo mtu angemwambia pole bila kutazama nyuma kwanza.

Aliwakuta wanachimba. Walikuwa wamechagua mahali hatua arobaini kutoka jukwaani, ambapo wazee walisema mkondo wa kisima cha zamani unapita. Bi Mwatumu akampa sepetu kabla ya uji.

Siku ya tatu Koplo Sembuli akaja, amevaa sare yote, kwa kuwa wilayani walikuwa wamesikia. Akasimama ukingoni mwa shimo. Lilikuwa limefika pima mbili.

"Bi Mwatumu, unaijua Amri ya Heshima ya Bomba?"

"Naijua. Niliilalia siku kumi na tisa. Inasema eneo lenye maji ya bomba." Akafungua fundo la khanga. "Soma mwenyewe, mwanangu."

Koplo alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye simba akapiga saluti, maana hivyo ndivyo walivyofundishwa. Kisha akawaza.

"Hapa Serikali inasema hakuna maji," akasema. "Wala dalili."

"Ndiyo."

"Sasa kama hakuna maji, mnachimba nini?"

Ilikuwa hoja nzito. Hata waliokuwa shimoni waliacha kuchimba wasikilize.

"Tunakagua kama Serikali imesema kweli," Bi Mwatumu akajibu. "Au wewe una wasiwasi nayo?"

Koplo akasema hana wasiwasi hata kidogo, ila lazima aombe maelekezo. Akaandika wilayani. Wilaya ikaandika mkoani, mkoa ukaandika wizarani kwetu, na barua ikaletwa mezani kwangu. Ilihitaji kupelekwa kwa Mkurugenzi wa Maelekezo, aliyekuwa semina. Niliiweka kwenye trei yake. Trei ilikuwa na barua nyingine, nikaiweka chini yake kabisa, kwa kufuata alfabeti.

Kuchimba hakukuwa rahisi. Pima ya tisa walikuta mwamba. Waliupiga kwa sururu siku nane, wakivunja mipini, na siku ya sita baadhi wakasema labda cheti ni cha kweli. Sikudhani alishuka kila siku kwa kamba, akagonga mwamba kwa kifundo cha kidole, akaegemeza sikio. Hakuwaahidi kitu. Siku ya nane alikaa chini zaidi ya kawaida, wakadhani amezimia.

"Mama Mwatumu," akaita kutoka chini, taratibu. "Udongo uliopo chini ya hili jiwe haulii kama mkavu."

Maji yalitoka siku ya Jumanne, pima ya kumi na mbili, ya rangi ya chai ya maziwa. Ijumaa yalikuwa meupe. Sikudhani alikaa ukingoni na kikombe mkononi, akalia bila sauti, na wanawake wakamwacha alie. Kila mmoja alikuwa na lake la kushughulikia.

*

Mzalendo alitua Mirihi miezi saba baadaye, akachoma mkuki, akatuma jibu. Jibu lilikuja kwa tarakimu, na ikagundulika kwamba katika Wizara nzima hakuna anayejua kuzisoma. Ndiyo sababu siku moja saa tatu asubuhi msafara wa Waziri ukaingia tena Majimengi, nami nikiwemo na daftari langu.

Waziri akampa Sikudhani karatasi. Huyu alikuwa akisuka kamba ya ndoo. Akasoma tarakimu mara moja.

"Hakuna dalili," akasema. "Mahali kilipochomwa, ni pakavu."

"Mtukufu ameshaandaa hotuba ya maji," Waziri akasema. "Wageni wameshaalikwa. Rudi kazini, binti. Chumba cha mbele. Gari. Sema tu kwamba kuna unyevunyevu."

"Sitasema."

"Nani atajua?"

"Kifaa kipo mbali sana, Mheshimiwa. Hakuna wa kukisemea isipokuwa mimi." Akairudisha karatasi, akaendelea kusuka.

Waziri akafuta jasho. Alikuwa amekuja na waandishi wa habari, utepe na mkasi wa dhahabu kwenye mto wa bluu, na hangeweza kurudi mjini bila kufungua chochote. Macho yake yakaangukia kisima, chenye ukuta wa mawe na mfuniko wa mbao.

"Basi nitafungua hiki," akasema. "Mtukufu atafurahi. Fungeni utepe."

Bi Mwatumu akaja akasimama kati ya utepe na kisima. Hakupandisha sauti.

"Kimeshafunguliwa, Mheshimiwa."

"Lini? Na nani?"

"Jumanne moja, miezi sita nyuma. Kwa sururu."

"Mgeni rasmi alikuwa nani?"

"Hatukuwa na mgeni. Wote tulikuwa wenyeji."

Wanawake waliokuwa kisimani hawakuondoka. Hawakusogea mbele wala nyuma. Bwana Mwinami aliushika utepe ncha moja, akatafuta mtu wa kushika ncha ya pili, hakupata; Koplo Sembuli alisema ana amri ya kusubiri maelekezo. Jua lilikuwa kali. Waziri akatazama magari yake, akawatazama waandishi, akameza mate yasiyokuwepo.

"Angalau nipeni maji ya kunywa," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nimetoka mbali."

"Maji yapo, baba," Bi Mwatumu akamjibu. "Karibu sana. Foleni inaanzia kule."

Waziri akatazama kule. Foleni ilikuwa na wanawake thelathini na mmoja, wazee wawili na punda. Alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa mbele. Hakuitwa. Akamkabidhi Bwana Mwinami mkasi, akavua koti, akaenda kusimama nyuma ya punda.